Punje ya harage kwenye pafu la mtoto

Msimu wa mavuno huku Mgeta, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, kila ua una turubai. Mama anapura maharage kwa fimbo, bibi anapeta, mahindi yanapukuchuliwa kwa mkono, na mtoto ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea anazunguka katikati ya punje, anaokota, anatia mdomoni. Sioni uzembe hapo. Mwenye shamba la mteremkoni hana pa kumweka mwanawe isipokuwa pale anapofanyia kazi. Mimi mwenyewe nimelelewa juu ya turubai kama hilo, Langali, kabla sijashuka kwenda kusomea uuguzi na baadaye utaalamu wa dawa za usingizi, kazi niliyoifanya hadi nikastaafu.

Hatari inaanza pale mtoto anapocheka au kushtuka akiwa na harage mdomoni. Anapaliwa. Anakohoa mpaka machozi yanamtoka, uso unamwiva, halafu ghafla anatulia. Mama anamshukuru Mungu na kuendelea kupura. Kumbe harage halikutoka. Limeteremka kwenye njia ya hewa, na kwa kuwa mrija unaoingia pafu la kulia ni mpana na umenyooka kuliko wa kushoto, mara nyingi huishia huko. Likishatulia mahali pake, mwili hulizoea na kikohozi hupungua kwa siku kadhaa. Utulivu huo ndio unaotuponza.

Baada ya wiki kikohozi kinarudi, na safari hii kinakuja na homa. Zahanati wanasema nimonia, na kwa kweli nimonia ipo, maana pafu lililozibwa huoza. Mtoto anapewa dawa, anapata nafuu, zikiisha anarudi palepale. Mwezi unaofuata anaambiwa ana pumu. Akikonda, anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Na nyumbani nako kuna jirani mwenye uhakika kwamba ni kimeo, basi anapelekwa kwa fundi, kinakatwa. Nimewahi kumpokea kwenye meza ya upasuaji mtoto ambaye kimeo chake kilikuwa kimeshakatwa, kovu bado bichi, na kikohozi hakijapungua hata kidogo. Kimeo hakikuwa na kosa lolote. Mama yake alipoulizwa kama mwanawe aliwahi kupaliwa, alijibu papo hapo: ndiyo, siku tuliyokuwa tunapura maharage. Alikuwa analijua jibu siku zote, ila katika vituo vyote alivyopitia hakuna aliyemuuliza.

Kwenye mikutano ya madaktari wa upasuaji wa kifua, wagonjwa wa namna hii huwekwa katika fungu la visa visivyo vya kawaida: jipu la pafu lisilosikia dawa, usaha uliojaa kifuani, kipande cha pafu kilichokauka, na ndani yake, baada ya kupasua, inakutwa punje. Sikubaliani na fungu hilo. Katika nchi inayolima karanga, mahindi na maharage kila kona, na inayopika kwa jiko la chini huku watoto wakicheza pembeni, hali hii haiwezi kuwa ya ajabu. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha uzoefu wao mwaka 2011, na karanga ndizo zilizoongoza kati ya vitu walivyovitoa kwenye njia ya hewa, wakati sarafu ziliongoza kwenye njia ya chakula. Tunaiita adimu kwa sababu wengi hawafiki pale inapoweza kuonekana.

Kuiona nako kuna ugumu wake. Sarafu na pini hujitokeza kwenye picha ya eksirei, lakini harage na karanga hazionekani. Kinachoonekana ni matokeo yake, na lazima uwe umefundishwa kuyatafuta. Punje iliyoziba nusu huruhusu hewa iingie mtoto anapovuta pumzi, maana mirija hutanuka, kisha huizuia isitoke. Pafu la upande mmoja linajaa na kuvimba kuliko mwenzake. Ikiziba kabisa, pafu hunywea. Kwa hiyo kabla ya picha kuna kazi ya sikio. Weka kipimo chako cha kusikilizia kifua kulia, halafu kushoto, bila haraka. Upande mmoja ukiwa kimya, au ukisikika mluzi upande mmoja tu, hiyo si pumu ya kawaida. Pumu haichagui upande.

Karanga ina ubaya wake wa ziada, maana mafuta yake huunguza utando wa ndani ya mirija. Harage hunyonya maji na kuvimba. Lililoingia dogo na gumu, baada ya siku kadhaa ni kubwa, laini na linateleza.

Njia ya kulitoa ni ya zamani sana. Mwaka 1897, wakati Wajerumani wakitutawala, daktari Gustav Killian wa Freiburg alipitisha bomba la chuma kwenye koo la mkulima mmoja na kumtoa mfupa wa nyama ya nguruwe uliokuwa umenasa kwenye njia ya hewa. Huko Philadelphia, Marekani, Chevalier Jackson aliiboresha kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na vitu zaidi ya 2,000 alivyovitoa kwenye koo na vifua vya watu vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter. Kifaa cha leo, bronkoskopu ngumu, kina taa na lenzi bora, lakini wazo ni lilelile: bomba, mwanga na koleo refu.

Ugumu upo kwenye mikono ya watu wawili. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, na ndani yake daktari anataka kupitisha koleo huku mimi nataka kupitisha oksijeni. Tunagawana bomba hilohilo. Akisogea mbele, mimi napungukiwa, tarakimu ya oksijeni kwenye kioo inaanza kushuka, tisini na tano, tisini, themanini na tatu, na namwambia, “Daktari, rudi.” Anarudi, tunampumzisha mtoto, tunaanza tena. Nakumbuka harage moja lilivyotoka: limejaa kama linataka kuota, ganda jekundu limevuka upande mmoja, na linanuka. Dakika chache baadaye kifua cha kulia kikaanza kupanda sawa na cha kushoto. Mtoto yule alikuwa ametibiwa nimonia miezi kadhaa katika kituo kimoja.

Yeye alipona kwa bomba tu. Anayecheleweshwa zaidi ya hapo mirija yake hutanuka na kuharibika moja kwa moja, na bomba halimfai tena. Anafunguliwa kifua, sehemu ya pafu inakatwa na kutupwa. Upasuaji mkubwa namna hiyo, kwa ajili ya harage! Hili linaniuma kuliko maneno ninayoweza kuyaandika.

Sasa tazama safari. Mgonjwa wa Mgeta anashuka kwa bodaboda au gari la mboga hadi Mlali, Sangasanga, ndipo ashike barabara kuu kuja mjini. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 190, na kwa kawaida rufaa ya tatizo hili huandikwa Muhimbili. Tangu Juni 2024 tuna treni ya umeme inayofika Dar kwa chini ya saa mbili, nami naifurahia, lakini harage lililonasa pafu moja linaweza kuchomoka kwa kikohozi kimoja na kuziba koo lote, na hapo hata dakika tano ni nyingi. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bila malipo. Nauli na mahali pa kulala mama mjini havimo kwenye sera. Mito ya Uluguru inaungana na Ruvu inayonywesha Dar es Salaam, na kabichi na karoti za Mgeta ziko sokoni kwao kila siku. Wakulima wa Mgeta wana haki ya kudai kwamba mtoto wao akipaliwa, atibiwe Morogoro.

Ninachodai ni kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na seti ya bronkoskopu ngumu za watoto za ukubwa tofauti pamoja na koleo zake, na timu iliyofundishwa pamoja: daktari wa masikio, pua na koo au wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi na muuguzi wa chumba cha upasuaji. Serikali imepeleka mashine za CT-scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa miaka hii ya karibuni. Hongera. Mashine hiyo itakuonyesha punje ilipo, ila haiwezi kuitoa.

Wapo wenzangu wanaosema kazi hii ibaki Dar, Moshi na Mwanza, kwa sababu mkono usiofanya mara kwa mara hupoteza ustadi. Hoja hiyo naiheshimu. Nimeona harage likikatika kwenye koleo na nusu yake kuangukia pafu la pili, na sitaki jambo hilo limkute mtu asiye na uzoefu. Lakini dawa ya mkono uliopoa ni kuupasha: timu ya mkoa ipelekwe Muhimbili au Bugando kila mwaka ikafanye kazi chini ya waliobobea, nao waliobobea waje mikoani. Tayari tuna mpango wa madaktari bingwa wa Rais Samia unaozunguka wilayani. Somo hili liongezwe kwenye ratiba yao.

La kusikiliza na kuuliza halihitaji bajeti. Swali “Je, aliwahi kupaliwa?” lichapwe kwenye fomu ya kila mtoto anayekuja na kikohozi, zahanati zote, kuanzia mwezi huu.

Kwenu kina mama na kina bibi: mtoto aliyepaliwa akiwa bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Msimpe maji wala tonge la ugali, wala msitie kidole kooni kutafuta msichokiona. Akishindwa kukohoa wala kulia, mwinamisheni, kichwa kiwe chini, mpigeni mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Isipotoka, mchanga wa chini ya mwaka mmoja mgeuzeni mumkandamize kifua mara 5. Mkubwa kuliko huyo mshikeni kwa nyuma na kumbana tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu, mara 5. Rudieni huku mmoja anatafuta usafiri. Hata akitulia, mpelekeni. Mkifika, semeni alikuwa anakula nini na ilikuwa lini, na msiondoke mpaka muuguzi ameliandika hilo kwenye kadi ya kliniki. Kikohozi kikirudi baada ya dawa kuisha, ombeni rufaa siku hiyohiyo.