Maana ya Neno "Outstanding"

Neno hili la Kiingereza lina maana mbili zilizo mbalimbali, na asiyezijua zote huweza kuifurahia barua inayopasa kumshtua. Mwalimu akiandika "outstanding work", amesifu kazi iliyo bora kupita nyingine. Bali benki ikiandika "outstanding balance", haimsifu mtu. Yadai fedha zilizobaki bila kulipwa. Vivyo hivyo "outstanding matters" katika mkutano ni mambo ambayo hayajaamuliwa. Basi na litazamwe neno lifuatalo: likiwa mkulima, ni sifa, likiwa deni au hesabu, liko jambo ambalo halijakwisha. Mwenye kuitundika barua ya deni ukutani kama cheti, riba haitamngoja.