Hewa Nyingi Mtungini Haiongezi Uwezo wa Mwili

Mtungi wa nyuzi za kaboni umezoeleka mgongoni mwa askari wa zimamoto. Ni mwepesi, na aghalabu huhimili mgandamizo wa bari 300, ilhali mitungi ya alumini ya wapiga mbizi wengi hujazwa hadi bari 200 hivi. Si ajabu mpiga mbizi akiutamani. Hata hivyo, kwa afya yake, faida hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza, wepesi unaosifiwa nchi kavu hupotea baharini. Mtungi huo huelea, na mwenye kuuvaa hulazimika kujifunga uzito zaidi ili azame. Maji ya chumvi nayo yaweza kupenya baina ya nyuzi na gamba la ndani, yakaleta uharibifu usioonekana kwa macho. Mtungi uliothibitishwa kwa kazi ya zimamoto haujathibitishwa kwa bahari.

Pili, na hili ndilo kubwa, mwili una ukomo wake. Katika kina cha mita 30, mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu ya maji. Anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika nchi kavu, huko hutumia lita 80. Mtungi wa lita 12 wenye bari 200 ungemtosha dakika 30. Wenye bari 300, takriban 40. Lakini majedwali ya uzamiaji wa burudani humruhusu kama dakika 20 tu. Akizidisha, nitrojeni nyingi huyeyuka mwilini. Akipanda bila vituo vya kutosha, hugeuka viputo viletavyo maumivu ya viungo, ganzi, kupooza, hata kifo.

Kwa hiyo, anayetaka mtungi wa bari 300 na achague uliothibitishwa kwa matumizi ya chini ya maji, aupeleke kukaguliwa kwa wakati, na hewa ya ziada aifanye akiba ya dharura. Muda wake aupime kwa jedwali, si kwa hewa iliyosalia.

Mhudumu wa afya naye, akipokea mgonjwa mwenye ganzi au maumivu baada ya kuzamia, aulize kina, muda na idadi ya mizamio. Ampe oksijeni safi, amlaze chali, na kumpeleka upesi penye chumba cha mgandamizo. Kuchelewa ndiko kunakoacha ulemavu.