NJIA NI YA NANI?



Tulipokuwa wadogo chuoni tulifundishwa ya kuwa kuondoa udhia njiani ni sadaka. Siku zile udhia tulioufahamu ulikuwa mwiba, au jiwe, au gae la chupa. Leo katika miji ya dunia udhia umekuwa mwengine: ni motokaa iliyobeba mtu mmoja, nayo imeshika nafasi ambayo watu kumi wangeliweza kusimama. Swali tunaloliweka mbele yenu katika toleo hili ni fupi. Njia ya mji ni mali ya nani, na serikali ya mji ina wajibu gani kwa wale wasiokuwa na motokaa?

Twaliuliza kwa sababu sisi wapinzani, tukitakiwa shauri juu ya barabara, aghlabu huwa na jawabu moja tu: zipanuliwe. Na Serikali nayo, ikitaka kusifiwa, hutuonyesha lami. Pande mbili zinazogombana kwa kila jambo zimepatana kwa hili, na khofu yetu ni kwamba zimepatana katika makosa. Barabara inayopanuliwa kwa ajili ya motokaa huzivuta motokaa nyingine, na baada ya miaka michache msongamano hurudi pale pale ulipokuwa. Miji mingi iliyo tajiri kuliko sisi imelipa fedha nyingi kulijua jambo hili. Hatuna haja ya kulipa sisi tena.

Tuutazame mji wa Curitiba, katika nchi ya Brazil. Mwaka 1971 mchoraji wa majengo aitwaye Jaime Lerner aliwekwa kuwa meya wa mji huo. Mwaka 1972 aliamua kuifunga barabara kuu ya biashara, Rua XV de Novembro, isipitwe tena na motokaa, iwe ya wendao kwa miguu. Wenye maduka walighadhibika, wakaona riziki yao imekwisha. Kazi ikaanza jioni ya Ijumaa, na katika saa 72 sehemu ya kwanza ikawa tayari. Haukupita muda mrefu wale wale wenye maduka wakaja kuomba kazi iendelezwe mbele zaidi.

Khofu yao twaifahamu vizuri, kwani miongoni mwetu tuandikao ukurasa huu wamo wenye maduka. Mwenye duka hudhani kwamba mnunuzi wake huja kwa motokaa, kwa kuwa motokaa ndiyo aionayo na honi yake ndiyo aisikiayo. Lakini akae mlangoni kwake siku moja tu na kuhisabu. Ataona kwamba wengi wa wanaomletea fedha huja kwa miguu yao, na kwamba motokaa iliyosimama mbele ya duka tokea asubuhi haikununua kitu bali imewazuilia njia wale ambao wangelinunua.

Mji ule haukukoma hapo. Mwaka 1974 ulifungua njia za mabasi peke yake katikati ya barabara zake kubwa. Walikuwa wamepiga hisabu wakaona kwamba reli ya chini kwa chini ingeliwagharimu mali wasiyokuwa nayo, basi wakaamua kulifanya basi litende kazi ya gari la moshi. Mwaka 1991 wakazidisha: wakajenga vituo ambamo abiria hulipa nauli kabla ya basi kufika, na sakafu ya kituo ikawa sawa na sakafu ya basi. Aliyewahi kusafiri kwa gari za abiria atafahamu mara moja faida yake. Wakati mwingi wa safari hupotea mlangoni: huyu anapanda, yule anashuka, utingo anatafuta chenji. Ukiuondosha udhia wa mlango umeifupisha safari bila ya kuongeza mwendo.

Wala hatuwafichi jambo moja. Lerner alipoanza kazi hakuwa amechaguliwa na raia. Brazil ilikuwa chini ya utawala wa wanajeshi, na meya alikuwa akiwekwa kutoka juu. Atatokea mtu kusema: mnaona, mambo haya huwezekana kwa amri tu. Sisi twamjibu kwa mji wa Stockholm, huko Sweden, mji uliojengwa juu ya visiwa. Mwaka 2006 serikali ya mji ule iliwatoza ushuru wenye motokaa waliotaka kuingia katikati ya mji. Tokea Januari mpaka Julai ushuru ulikuwa wa majaribio tu, na mabasi yaliongezwa kabla ya ushuru kuanza. Mwanzoni raia wengi hawakuutaka. Motokaa zilizokuwa zikiingia na kutoka zikapungua kiasi cha moja katika kila tano, na watu wakaona kwa macho yao. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule wakazi wakaulizwa kwa kura, na wengi wao wakaukubali. Mwaka 2007 ukawa wa kudumu. Serikali ile iliwaonyesha raia kwanza, kisha ikawauliza, kisha ikafuata jawabu lao. Hivyo ndivyo tunavyotaka kutawaliwa.

London nayo ilianza kutoza ushuru kama huo mwezi wa Februari 2003, pauni 5 kwa siku. Na sharia ilikwisha kufunga mlango mmoja ambao sisi twaujua sana: ilitaka mapato yale yatumiwe katika usafiri, yasipotelee katika mfuko mkuu. Ushuru usiojulikana uendako huitwa dhulma hata ukiwa na nia njema.

Tusiende mbali mno. Ng'ambo yetu, Dar es Salaam, mabasi ambayo watu wameyapa jina la mwendokasi yalianza kazi mwezi wa Mei 2016, katika njia zao wenyewe za kiasi cha kilomita 21, kutoka Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi yake. Waliokuwa wakilala njiani wakafika makwao mapema, na mwaka 2018 mji ule ukapewa tunzo ya kimataifa ya usafiri. Lakini mabasi yakawa machache kuliko watu, vituo vikafurika, na karakana iliyojengwa katika bonde la Jangwani ikaingiliwa na mafuriko. Ubaya haukuwa katika shauri lenyewe. Shauri lilikuwa zuri, nalo lingali zuri. Kukata utepe ni kazi ya asubuhi moja, na kuendesha mabasi ni kazi ya kila asubuhi.

Na tusidhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Mwaka 1905 kisiwa hiki kilikuwa na gari la moshi lililokuwa likenda Bububu. Na vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao tokea mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia, vilijengwa na watu waliokuwa wakipita kwa miguu, wakipishana kwa salamu. Wageni hulipa nauli za ndege kuja kutembea humo. Kile ambacho miji mingine huvunja lami ili wakipate, sisi tumerithi.

Basi, ndugu zetu, siku Serikali itakapoleta shauri la kufunga barabara, au kutenga njia ya mabasi, au kutoza ushuru wa maegesho, tusiruke kulipinga kwa sababu tu limetoka kwake. Yafaa kila tawi liulize maswali manne. Je, basi la kumchukua raia lipo kabla ya kumzuilia njia, au litakuja baadae? Je, fedha zitakazotozwa zitakwenda wapi, na nani ataonyeshwa hisabu? Je, wenye maduka, madereva wa daladala, wapanda baiskeli na wendao kwa miguu wameulizwa, au wamepelekewa tangazo tu? Na je, mwaka wa pili na wa tatu nani atanunua vipuri, nani atazibua mitaro?

Likijibiwa vizuri, tuliunge mkono hadharani, na wala tusione haya. Lisipojibiwa, tulipinge kwa hoja hizo hizo, si kwa kelele. Na siku tutakapopewa sisi amana ya kutawala, maswali haya tuulizwe sisi.

Asubuhi na mapema, kabla hatujafungua milango ya maduka, bibi mmoja huwa amekwisha kusimama kando ya barabara na kikapu chake cha muhogo, akingoja gari la kumfikisha sokoni. Hana motokaa na hatakuwa nayo. Njia ni yake pia, na barabara yoyote tutakayoijenga sisi au wao, yeye ndiye apasaye kuulizwa kama imemfaa.