Kipofu si mgonjwa wa kufichwa nyuma ya nyumba

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama zetu mnaosoma ukurasa huu mkingoja maji ya bukari yachemke, leo sitaanza na kofia wala viatu vya kazi. Nitaanza na jirani yangu mmoja wa kambi, na kosa langu mwenyewe.

Jirani huyo alikuwa fundi wa vyuma, mtu wa mikono mizuri. Siku moja alikuwa akilainisha kipande cha bomba kwenye jiwe la umeme. Miwani ya kinga alikuwa nayo, lakini ilikuwa juu ya paji la uso, maana ilishika vumbi na yeye alitaka kuona vizuri. Kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchanga kikaingia jicho la kushoto. Hakwenda kwa munganga. Alisema: «Ni kitu kidogo, kitatoka chenyewe.» Nyumbani wakamtilia maji ya majani. Siku ya tatu jicho lilikuwa limevimba kama ngumi, na halikupona tena. Baada ya majuma machache jicho la kulia, ambalo halikuguswa na kitu, likaanza kuuma na kuona ukungu. Waganga wanaujua ugonjwa huo: hautokei mara nyingi, lakini jicho lililotobolewa linaweza kuvuta na lile zima.

Sisi wa kazi ya pamoja tulikwenda kumwona. Tulipeleka sukari na sabuni. Tulikwenda tena mara moja. Halafu nikaanza kupita njia nyingine, kwa sababu sikujua la kumwambia mtu anayekaa kwenye kiti nyuma ya jiko tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Tena nikaazima msumeno wake kwa mke wake, nikijisemea moyoni kwamba yeye hana kazi nao tena. Miaka sita ikapita hivyo.

Ndugu msomaji, je, katika mtaa wako hakuna kiti kama hicho?

Mwaka jana walifika kambini watu wawili wa chama cha vipofu cha mjini. Mmoja anaona, mwingine haoni, na yule asiyeona ndiye aliyekuwa mkubwa wa safari. Nilipenda namna yao ya kutafuta. Hawakuuliza: «Vipofu wako wapi?» Walijua watajibiwa kwamba hapa hakuna. Waliuliza kanisani, shuleni, na kwa mama wanaouza unga: «Nani zamani alikuwa akija hapa, na sasa haji tena?» Kwa ulizo hilo walipata watu wanne katika mitaa miwili tu. Wa kwanza alikuwa jirani yangu.

Mke wake hakuwapokea vizuri. Alisema: «Baba, mzee wangu ataanguka, atajichoma moto. Mimi ndimi macho yake.»

Yule kipofu akajibu kwa upole: «Mama, mimi nimetoka mjini kwa basi. Asubuhi nilijipikia chai. Unafikiri macho yangu ni nani?» Halafu akamgeukia jirani yangu: «Mzee, nisamehe kwa ulizo hili. Chooni unakwenda na nani?»

Jirani yangu alinyamaza kwanza. Mwishowe alisema: «Na binti yangu.»

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tangu miaka miwili alikuwa anakosa masomo ya asubuhi ili kumwongoza baba yake chooni, kumpa maji, kumwonyesha mlango. Hakuna mtu kambini aliyemhesabu. Katika mikutano yetu ya usalama tunahesabu siku zilizopita bila msiba, lakini mtoto huyu aliumizwa na msiba ule ule, na jina lake haliko katika daftari lolote. Hapo ndipo nilipoona haya.

Kazi ya kwanza ya watu wa chama ilikuwa kufunga kamba kutoka mlango wa nyuma mpaka choo. Kamba tu! Kesho yake binti alikwenda shule saa ya kwanza. Kisha walirudi mara mbili kila juma kwa miezi mitatu. Walimpa fimbo nyeupe inayofika kifuani, wakamfundisha kuipeleka kushoto wakati mguu wa kulia unatangulia, na kulia wakati wa mguu wa kushoto, ili ncha ya fimbo iguse mahali ambapo mguu utakanyaga. Walimfundisha kukunja franga: noti ya 500 haikunjwi, ya 1000 inakunjwa mara moja, ya 5000 mara mbili, ya 10000 kwa urefu. Walimfundisha kumimina maji ya moto akisikiliza sauti ya kikombe kinavyojaa. Na mama wa nyumba naye alifundishwa, hasa jambo moja gumu kwake: kutosogeza kiti wala ndoo bila kusema, na kukaa kimya mume wake anapotafuta kitu kwa mikono.

Kuna watu watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye feza nyingi. Ni kweli vyama vya namna hii vilianza mbali, lakini tazameni jinsi vilivyoanza, maana vingi vilizaliwa na msiba kama wa kwetu. Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray huko Ufaransa, alikuwa mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu alichezea chombo chenye ncha katika kiwanda cha baba yake, akajichoma jicho. Ugonjwa ukaingia jicho la pili, kama kwa jirani yangu. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, alikuwa amekwisha kutunga maandishi ya vitone ambayo vipofu wa dunia nzima wanasoma kwa vidole hata leo. Na vitone hivyo vinachomwa kwenye karatasi kwa kijichuma chenye ncha, ndugu wa kile kilichompofusha.

Mwingine ni John Wilson wa Uingereza. Akiwa mwanafunzi wa miaka kumi na miwili, dawa zililipuka mbele ya uso wake katika somo la kemia. Inasimuliwa kwamba chupa zilikuwa zimeandikwa majina yasiyo yao. (Ninyi wenye kumimina asidi katika chupa ya bia na kuiacha chini ya meza, mnasikia?) Alisoma sheria akiwa kipofu, akatembea katika nchi za Afrika mwaka 1946 kuona vipofu wanaishi namna gani, na mwaka 1950 akaanzisha chama ambacho leo kinaitwa Sightsavers. Chama hicho hakikuja na magunia ya unga tu. Katika miaka ya 1950 kilisaidia mahali pa Salama, katika nchi ya Uganda, ambapo vipofu walifundishwa kulima shamba lao wenyewe. Na mwaka 1969 vijana saba vipofu wa Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Kilimanjaro, mlima wa metre 5895. Wapo waliocheka: kipofu atapanda mlima kuona nini? Lakini wazazi waliosikia habari hiyo walipata kufikiri upya juu ya mtoto wao aliyefungiwa chumbani. Mimi nasema safari ile ilikuwa na faida kuliko hotuba mia.

Sasa nitoe fikira yangu wazi, hata kama wengine watakasirika. Sisi tunapenda kumsaidia kipofu mara moja kwa mwaka. Tarehe 15 Oktoba, siku ya fimbo nyeupe, tunampa gunia la unga, tunapigwa picha naye, tunarudi nyumbani na moyo mweupe. Unga si kitu kibaya, njaa haingoji. Lakini unga unakwisha kwa majuma matatu, na mtu anabaki kwenye kiti kile kile. Mtu akifundishwa kutembea, hatasahau. Kama ningekuwa na feza ya gunia moja, ningelipa basi la yule mwalimu kipofu arudi mara kumi.

Tena mambo mengi hayataki feza. Uwanja wa mpira tunao. Baada ya vita ya pili ya dunia, mwaka 1946, waligundua mchezo wa mpira wenye kengele ndani, kwa ajili ya askari waliopofuka; unaitwa goalball, na tangu mwaka 1976 unachezwa katika michezo mikubwa ya walemavu. Sisi hatuna mpira wa kengele? Funga mpira wa kawaida ndani ya mfuko wa plastiki, utasikia kelele zake ukibingirika. Kisha watazamaji wanyamaze. Hiyo ndiyo sehemu ngumu zaidi katika kambi yetu.

Na shamba la mboga nyuma ya nyumba je? Kamba yenye mafundo inaonyesha mahali pa kila mbegu. Mama wanaokutana kujifunza kushona, kwa nini wasimwite mwenzao asiyeona aje kufuma naye? Mikono yake ni mizima.

Kuna na adabu ndogo ndogo tusizozijua. Ukikutana na kipofu, taja jina lako, usimwambie: «Nani mimi? Nitambue!» Huo si mchezo, ni kumtesa. Usimsukume mbele kama mkokoteni. Mpe kiwiko chako akishike, nawe utangulie nusu hatua. Ukiondoka, mwambie kwamba unaondoka, asije akaongea na ukuta mbele ya watoto.

Watu wa chama walifanya jambo lingine siku zile. Waliangalia macho ya wazee wote waliopenda. Bibi mmoja aliyeitwa mchawi na watoto wa mtaa kwa sababu mboni zake zilikuwa nyeupe, walimwona ana mtoto wa jicho. Si bulozi. Ni kioo cha jicho kilichoingia ukungu kwa uzee, na munganga wa macho anakitoa na kuweka kingine kwa kazi ya muda mfupi, mara nyingi chini ya nusu saa. Alipelekwa hospitali ya macho, na leo anatia uzi katika sindano. Lakini jihadharini: upofu wa aina nyingine hauponywi. Ule unaotokana na nguvu ya maji ndani ya jicho huiba kidogo kidogo bila maumivu, na unapenda kufuata ukoo. Baba yako alipofuka hivyo? Nenda ukapimwe ukiwa bado unaona. Na ninyi mnaokwenda kupumzika vijijini karibu na mito ya maji ya mbio, watu waliochaguliwa na kijiji wakija na mti wa kupima urefu na vidonge vya Mectizan, mezeni. Vidonge hivyo vinazuia upofu wa mito, na tangu mwaka 1987 kampuni inayovitengeneza inavitoa bure.

Kwa kazi zetu nakumbusha upesi. Asidi ao chokaa ikiingia jichoni: maji safi palepale, jicho limefunguliwa kwa vidole, yasipungue dakika ishirini, na ndipo kwa munganga. Usimtafute kapita kwanza, tafuta maji. Kipande cha chuma kikichoma jicho: usikitoe, usisugue, usitie kitu, funika kwa kikombe safi kisichogusa jicho, nenda hospitali siku ile ile. Moto wa kuunganisha vyuma nao unachoma bila kuguswa, na maumivu yanakuja usiku. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani: hapana, hapana, na tena hapana. Miwani ikishika vumbi, simamisha mashine uipanguse. Kwenye paji la uso hailindi kitu.

Jirani yangu sasa anatembea. Mwanzoni mke wake alikuwa akimfuata nyuma kwa siri, bila viatu, asisikike. Yeye alisikia tangu siku ya kwanza, lakini hakusema neno mpaka juma la pili, hapo akasimama katikati ya njia, akasema: «Mama, rudi ukavae viatu, kuna mawe.»

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu. Nikasikia fimbo ikigonga ukuta wa lupango, kisha mti, kisha ngazi yangu. Nyumba yake na yangu zimeachana hatua mia mbili hivi. Nilitaka kuinuka nimshike mkono, nikakumbuka, nikataja jina langu tu.

«Jambo, ndugu,» akasema. «Nimefuata msumeno wangu.»