MGONJWA WA AKILI NAYE ANA MOYO

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kuwa mgonjwa hangojwi mpaka aombe. Hupewa, kwa sababu wenye afya ndio wenye wajibu wa kujua anachohitaji. Leo tunapenda kuwakumbusha wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na viongozi waliokabidhiwa dhamana ya afya yao, juu ya wagonjwa ambao aghalabu hatuwaulizi uji wala hatuwapi. Hao ni ndugu zetu wenye maradhi makubwa ya akili.

Tusemapo maradhi makubwa ya akili tunakusudia hali kama skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wenziwe. Maradhi ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Na sonona kali. Wengi wetu hudhani kwamba hatari inayomkabili mgonjwa wa namna hii ni kupotea njiani au kujidhuru. Hatari hizo zipo, na si za kupuuzwa. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilieleza kwamba watu hawa hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na kwamba vifo vyao vingi husababishwa na maradhi ya mwili. Mstari wa mbele kabisa yapo maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Kwa maneno mengine, tunashughulika na kichwa cha mgonjwa huku moyo wake ukizimika kimya kimya.

Sababu za jambo hili zinafahamika. Tangu klopromazini ilipoanza kutumika mwaka 1952, dawa za maradhi haya zimewatoa watu wengi katika minyororo na vyumba vya kufungiwa, na zimewarudisha majumbani kwao. Hatuna budi kuzishukuru. Hata hivyo, baadhi yake, hasa klozapini na olanzapini, huongeza njaa na uzito, na huweza kupandisha sukari na mafuta katika damu. Ongeza juu ya hayo uvutaji wa sigara, kukaa kutwa bila ya kazi, umasikini unaomlazimisha mtu kula kinachoshibisha kwa bei ndogo, na uzito wa maradhi yenyewe unaomnyima mtu hamu ya kuinuka. Tena yupo mgonjwa anayefika kituoni akilalamika kifua kinambana, naye akajibiwa kwamba hayo ni mawazo tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha mauti.

Wapo watakaosema kwamba mtu asiyetulia akili hawezi kufundishwa kula vizuri wala kufanya mazoezi. Dhana hii imekwisha kupimwa, nayo imeonekana si sahihi. Katika jimbo la Maryland, Marekani, watafiti waliwashirikisha watu 291 wenye maradhi makubwa ya akili na uzito uliozidi, katika vituo walivyokuwa wakihudhuria kama kawaida. Mafunzo yalikuwa mepesi na yalirudiwa mara kwa mara: acha vinywaji vya sukari, kula matunda na mboga kila siku, punguza kiasi cha chakula sahanini, fanya mazoezi pamoja na wenzako. Mazoezi yalianzia pale mtu alipoweza, kisha yakaongezwa kidogo kidogo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionesha kwamba baada ya miezi 18 walikuwa wamepungua kilo 3.2 zaidi ya wenzao wasiopata msaada huo. Watu 38 hivi katika kila 100 walipunguza angalau sehemu 5 katika 100 za uzito wao, ambapo kwa wenzao walikuwa 23 tu.

Ni haki pia tuseme kwamba si kila jaribio limefanikiwa. Nchini Denmark, utafiti uliotangazwa mwaka 2016, uliowahusu watu 428, uliwapa wagonjwa mshauri wa kumfuata kila mmoja peke yake kwa mwaka mzima, na hatari ya maradhi ya moyo haikupungua. Kwa maoni yetu, funzo linalopatikana hapa ni kwamba nasaha peke yake hazitoshi. Chakula chenyewe kilichoko mezani hakina budi kubadilika, na mazoezi yanahitaji watu wa kuyafanya pamoja.

Kwa bahati njema, visiwa vyetu si masikini wa mambo hayo mawili. Bahari inatupa samaki, na mashamba yanatupa mchicha, kisamvu, mapapai, machungwa na mihogo. Zaidi ya hayo, mazoezi ya viungo kwetu si jambo geni. Kila tarehe 1 Januari Zanzibar huadhimisha siku ya mazoezi, na vikundi vya mazoezi huonekana barabarani alfajiri vikikimbia kwa pamoja. Tunauliza: katika vikundi hivyo, mgonjwa wa akili ana nafasi gani? Je, atakaribishwa safuni, au atachekwa?

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mgonjwa anayepewa dawa hizi, kuanzia hospitali ya Kidongo Chekundu hadi kituo cha afya cha kijijini, apimwe uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza dawa na kila baada ya muda uliopangwa. Mizani na utepe wa kupimia si vyombo vya anasa.

Pili, mpishi wa wodi ahesabiwe kuwa ni mtumishi wa tiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Chai ya sukari tele na maandazi kila asubuhi, kwa mtu ambaye dawa zake tayari zinampandishia sukari, ni kubomoa kwa mkono mmoja kile kinachojengwa kwa mkono wa pili.

Tatu, masheha na viongozi wa michezo wawafungulie milango ndugu hawa. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa watu wazima, yaani nusu saa kwa siku tano. Hakuna gharama yoyote hapo isipokuwa mtu wa kusema, "Twende zetu pamoja."

Nne, na hili ni la familia. Mama anayemjazia sahani mwanawe mgonjwa hufanya hivyo kwa mapenzi, na kaka anayempa sigara hutaka atulie. Mapenzi hayo tunayaheshimu, lakini tunaomba yageuzwe njia. Mpe samaki na mboga, mpunguzie wali, badala ya soda mpe maji, na mtume dukani kwa miguu. Jambo moja tunalisisitiza: asikatishwe dawa kwa kuogopa unene. Anayeona uzito unapanda na amwendee daktari, kwani dawa huweza kubadilishwa, ila kwa ushauri wa mtaalamu tu.

Serikali ilipotangaza, baada ya Mapinduzi ya 1964, kwamba matibabu yawe ni haki ya kila mwananchi, haikumtoa mgonjwa wa akili katika hesabu. Haki hiyo haikamiliki kwa kumtuliza mtu akili kisha kumwacha afe na maradhi ya moyo akiwa na umri wa miaka 50. Bajeti ya afya inapopangwa, mizani, mboga na mwalimu wa mazoezi wa wagonjwa hawa wapewe fungu lao. Nasi wananchi tuanze kesho asubuhi, kwa kumgongea mlango jirani yetu na kumwita tutembee.