LAPTOPU IMEKUWA BUBU? USIKIMBILIE KUTOA LAKI!

Leo tunauzungumzia ugonjwa unaowasumbua vijana wengi: laptopu, au kompyuta mpakato kama wanavyoiita wenye Kiswahili chao sanifu, kukata sauti ghafla bila hata kuaga.

Mezani kwangu kuna ujumbe kutoka Mwera. Nasema Mwera ya Pangani, mkoani Tanga, kule ng'ambo ya mto kwenye mashamba ya mkonge. Siyo Mwera ya Unguja, wala sizungumzii Wamwera wa Lindi. Aliyeandika ni kijana ambaye jina lake nalibana, maana suala lenyewe linagusa ugali wake. Huyu bwana anapiga muziki kwenye maharusi. Nyimbo zake zote, kuanzia taarabu za marehemu Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani aliyetutoka mwaka 2016, mpaka singeli za kuwarusha vijana, zimo ndani ya laptopu moja aliyoinunua mtumba.

Jumamosi alifanya kazi vizuri, watu wakacheza mpaka usiku wa manane. Jumatatu anaiwasha, kimya! Vitufe vya kupandisha sauti akibonyeza, hakuna kinachotokea. Kile kialama cha spika kule chini kulia kimepigwa msalaba. Kesho yake akavuka mto Pangani, akapanda gari hadi Tanga mjini. Fundi akaitazama dakika mbili, akaguna, akatoa hukumu: "Saundi kadi imeungua, na spika nazo zimekwisha. Leta sh. 150,000, uiache mpaka wiki ijayo."

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Jumamosi hii ana harusi nyingine, na advansi ya watu amekwishaila! Anauliza: "Kaka, nitoe hela, au nataka kuingizwa mjini?"

Mdogo wangu, usitoe kwanza. Simwiti fundi wako tapeli, maana simjui. Ila katikati ya ujumbe wako kuna mstari mmoja ambao yeye hakuuliza na wewe hukumwambia. Umeandika kwamba Jumapili rafiki yako "alikupigia Windows mpya" kwa sababu mashine ilikuwa nzito. Umeuona huo mstari? Jumamosi sauti ilikuwapo, Jumapili Windows mpya, Jumatatu bubu. Ugonjwa una tarehe, na tarehe inasema mengi.

SPIKA HAZINA KOSA
Tuelewane hapa kabla ya kwenda mbali. Sauti ya kompyuta husafiri kama basi la mkoani, ina vituo. Inatoka kwenye programu ya muziki, inapita kwenye Windows, inapita kwa draiva, ambayo ni programu ndogo inayoifundisha Windows lugha ya kifaa, inafika kwenye chipu ya sauti, ndipo inaishia kwenye spika. Spika ni kituo cha mwisho kabisa. Ajali inaweza kutokea kituo chochote.

Sasa sikiliza. Spika zikiungua, Windows kwa kawaida haina habari. Kialama kitabaki pale pale, vitufe vitapanda na kushuka, ila hutasikia kitu. Msalaba juu ya kialama, ikiwa sauti haijazimwa tu, mara nyingi maana yake ni nyingine: Windows haikioni kabisa kifaa cha sauti. Basi huenda chipu imekufa kweli, au draiva haipo. Na mtu aliyepigiwa Windows mpya juzi, cha kwanza kushuku ni draiva. Hata vile vitufe vya sauti kwenye kibodi, kwa mashine nyingi hutegemea programu ya kampuni iliyoitengeneza laptopu, nayo husafishwa pamoja na Windows ya zamani.

Na hilo neno "saundi kadi" lina historia yake. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa kadi iliyoitwa Sound Blaster, na kwa miaka mingi aliyetaka muziki kwenye kompyuta alinunua kadi kama hiyo na kuichomeka ndani. Laptopu za leo kadi hiyo hazina. Kuna chipu ndogo iliyochomelewa kwenye bodi kuu, na mara nyingi ni ya kampuni ya Realtek ya Taiwan. Kwa hiyo mtu akikwambia atakubadilishia saundi kadi ya laptopu, mwombe akuonyeshe kwanza ilipo!

DAWA YA KIJANA WA MWERA
Washa hotspoti ya simu, iunganishe laptopu. Fungua setingi, ingia "Windows Update", iache itafute. Kama sauti haijarudi, tazama pia kwenye "Optional updates", maana draiva nyingi hujificha huko. Ukimaliza, chagua "Restart".

Ikigoma, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya nembo ya Windows kule chini, chagua "Device Manager". Ukikuta kitu kina alama ya njano ya mshangao, hasa kilichoandikwa "Multimedia Audio Controller", basi mchawi umemwona: draiva haipo. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza mashine yako, ingiza modeli yake au namba iliyobandikwa chini ya laptopu, pakua draiva ya sauti na ile programu ya vitufe.

Angalizo: usipakue draiva kwenye tovuti za mitaani zinazokuahidi kurekebisha kila kitu bure kwa mbofyo mmoja. Unafuata sauti, unarudi na virusi.

NA NYIE WENGINE JE?
Najua wengine hamjapigiwa Windows yoyote, lakini mashine imenuna vile vile. Fuateni mlolongo huu, kuanzia kilicho rahisi.

Kwanza, iwashe upya kwa kuchagua "Restart", siyo kuizima na kuiwasha. Unashangaa? Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa huwa zinahifadhi sehemu ya kumbukumbu yake ili ziamke haraka. Kilichoganda kinaweza kuamka kikiwa kimeganda. "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa.

Pili, tafuta sauti imekwenda wapi. Watu wengi sauti haijafa, imehamia kwa jirani! Kama ulikuwa umeunganisha spika ya Bluetooth, au waya wa HDMI kwenda kwenye televisheni, Windows inaweza kuwa bado inapeleka sauti huko. Bonyeza kialama cha spika, tafuta kimshale kando ya mstari wa sauti, uchague spika za laptopu yenyewe.

Tatu, kama nyimbo zinalia lakini kivinjari ni bubu, au kinyume chake, tatizo ni la programu moja. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kila programu ina bomba lake la sauti. Bonyeza kialama cha spika kwa kitufe cha kulia, fungua "Volume mixer", utaona nani kafungiwa maji.

Nne, kialama chenyewe kimetoweka lakini sauti ipo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye orodha itakayofunguka tafuta "Windows Explorer", ichague, bonyeza "Restart". Kioo kitapepesa kidogo, usiogope. Wenye Windows 10 waangalie pia kwenye setingi za ule mstari wa chini, huenda kialama kimezimwa hapo.

Tano, vitufe vya kibodi havipandishi sauti. Jaribu kubonyeza huku umeshikilia kitufe cha Fn. Ikikubali, basi kuna mtu kaigeuza tabia ya vitufe, na kwa mashine nyingi Fn pamoja na Esc huirudisha. Halafu tazama kitufe chenye picha ya spika iliyokatwa. Mtoto akikigusa tu, nyumba nzima mnaomboleza.

Sita, kama hayo yote hayajasaidia, andika "services.msc" kwenye sehemu ya kutafutia. Tafuta "Windows Audio" na jirani yake "Windows Audio Endpoint Builder". Zote mbili zinatakiwa ziwe zinafanya kazi. Iliyolala iamshe.

CHUMVI YA PWANI
Hili linatuhusu sisi wa Tanga, Pangani na pwani nzima. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na chuma hakiipendi. Ndani ya tundu la hedifoni mna kiswichi kidogo kinachoiambia kompyuta kwamba waya umechomekwa, kwa hiyo spika zinyamaze. Kikipata kutu au vumbi, kompyuta inaamini una hedifoni masikioni wakati huna kitu, na spika zinanyamaza kwa adabu.

Wapiga muziki ndio hatari zaidi, maana kila shughuli mnachomeka na kuchomoa. Dawa yake: chomeka jeki ya hedifoni na kuichomoa mara kumi hivi. Bado? Zima mashine, chomoa chaja, safisha kwa kijiti chembamba chenye pamba iliyoguswa spiriti kidogo, isubiri ikauke vizuri kabla ya kuwasha. Mafuta ya kupikia ni marufuku, hata kama mjomba anasema yanalainisha!

KABLA YA KUSEMA IMEUNGUA
Sasa tuseme umefanya yote na bado ni bubu. Yapo majaribio ya kujua kama kifaa kimekufa kweli. Chomeka hedifoni. Zikilia na spika zisilie, chipu ni nzima, tatizo liko kwenye spika, waya wake au tundu. Wenye Dell, washa mashine huku ukigonga F12, chagua "Diagnostics", nayo itapiga mlio wa majaribio bila kuihusisha Windows.

Wengine, pakua Linux Mint, karibu GB 3, uiweke kwenye flashi na kuiwashia laptopu kutoka hapo. Utakapoulizwa usikubali kuisimika, ijaribu tu hivyo hivyo. Muziki ukisikika humo, basi chipu na spika ni wazima kama chuma cha pua, mgonjwa ni Windows. Usiposikika na humo, hapo dalili zinaelekea kwenye kifaa chenyewe, na safari ya kwa fundi ina maana.

Hata hapo usikate tamaa. Kuna kidude kidogo cha USB chenye tundu la hedifoni, ambacho kina chipu yake ya sauti. Ukikichomeka, unairuka ile chipu iliyokufa na unaendelea na kazi. Bei yake ni ndogo mno mbele ya hiyo sh. 150,000. Kwa kijana wetu wa Mwera, kidude hiki ndicho cha kumwokoa Jumamosi hata kama kila kitu kingine kimegoma. Muziki wake unakwenda kwenye mikisa kwa waya, spika za laptopu hazihitaji ukumbini.

UKIENDA KWA FUNDI
Mafundi wazuri wapo wengi. Utawajuaje? Fundi mzuri anakuuliza maswali kabla ya kutaja bei: ilianza lini, ulifanya nini jana yake, hedifoni zinasikika? Halafu anaijaribu mbele yako. Anayetaja bei kabla ya kuuliza, mshukuru, beba mashine yako, ondoka.

Na ukilazimika kuiacha, andika kwanza ina RAM kiasi gani na diski ya ukubwa gani, uzisome tena siku ya kuichukua. Nakili nyimbo zako kwenye diski ya nje. Toka kwenye WhatsApp na barua pepe. Zile picha zako na mpenzi wako, ambazo hata mama hajaziona, ziondoe kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu mwaka 2015, lakini picha ikishazunguka mtaa mzima, sheria haiirudishi kwenye bahasha. Umekwenda kutafuta sauti, usije ukawa wewe ndiye wimbo.

Wewe kijana wa Mwera, anza na draiva leo hii, usingoje Ijumaa usiku. Na huyo rafiki yako wa kupiga Windows mwambie siku nyingine apakue draiva kwanza, aziweke kwenye flashi, ndipo aanze kupiga.

Kwa leo naishia hapa. Kama una swali, niandikie. Usisahau kutaja tatizo lilianza siku gani na siku moja kabla yake ulifanya nini. Tukutane wiki ijayo, Inshallah. Wasalaam.