Barua Pepe Inasingiziwa

Barua pepe inatuchosha, wanasema, na dawa zinazotolewa ni nyingi kuliko ugonjwa wenyewe: jibu papo hapo, ondoa kila kitu kwenye kikasha kabla ya kwenda nyumbani, panga mafolda, au hama kabisa uende WhatsApp. Nyingi ya dawa hizo hazitibu kitu. Zile zenye chembe ya ukweli tumezishika upande usio na mpini.

Nianze na dai linaloumiza wengi, kwamba ujumbe ukiingia ni lazima ujibiwe hapo hapo, la sivyo utaonekana mvivu au mwenye dharau. Nani alisema? Mara nyingi hakuna aliyesema. Mwaka 2021 watafiti wawili, Laura Giurge na Vanessa Bohns, walichapisha matokeo ya mfululizo wa majaribio juu ya jambo hilihili. Walilinganisha muda ambao mtumaji anatarajia kujibiwa na muda ambao mpokeaji anadhani amepewa, hasa kwa ujumbe usio wa dharura uliotumwa nje ya saa za kazi. Mpokeaji alijiona anaharakishwa kuliko alivyoharakishwa. Kilichopunguza hofu hiyo kilikuwa kidogo sana: mtumaji aandike sentensi moja kwamba jambo lenyewe si la haraka. Mkuu wa idara anayeandika saa nne usiku, kwa kuwa ndipo watoto wamelala, hajui kuwa huko alikotuma kuna mtu ameacha chakula mezani. Maneno mawili, "Jumatatu inatosha", yangemrudisha mezani.

Waliofanya kazi serikalini kabla kompyuta hazijaenea wanaukumbuka utaratibu mwingine. Barua iliingia masjala. Karani aliigonga muhuri wa tarehe ya kupokelewa, akaiandika kwenye rejista, akaitafutia jalada lake na kuipa namba ya folio, ndipo jalada likapelekwa kwa afisa anayehusika aandike dokezo. Afisa hakukaa mlangoni kumsubiri tarishi. Barua zilikuwa na saa zake, na katikati ya saa hizo mtu alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kompyuta zilipokuja, masjala ilihamia mezani kwa kila mmoja wetu. Kazi ya karani tukaibeba, saa zake tukaziacha. Sisemi turudi kwenye majalada. Yalikuwa na tabia ya kutoonekana mpaka mwenye shida aonekane kwanza. Lakini saa zinarudishika bila karatasi hata moja.

Tena jambo hilo limepimwa. Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha mwaka 2015 utafiti wa watu wazima 124. Kwa wiki moja mtu aliombwa afungue barua pepe mara tatu tu kwa siku. Kwa wiki nyingine afungue kadiri apendavyo. Katika wiki ya mara tatu, msongo wa mawazo ulipungua. Kwa ofisi zetu hiyo inaweza kuwa saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, huku mlio wa arifa ukizimwa. Anayehudumia wateja kwa barua pepe kutwa nzima simhesabu, kwa sababu kwake kujibu ndiyo kazi yenyewe. Wengine wanaotaja dharura wakumbuke kwamba dharura hupigiwa simu. Hakuna aliyewahi kuita gari la zimamoto kwa kiambatisho.

Dai la pili ni la wanaojisifia kikasha kitupu. Asili yake ni Merlin Mann, Mmarekani aliyetoa mhadhara mwaka 2007 katika ofisi za Google na kuupa jina la Inbox Zero. Watu wakaishika namba, wakaacha maelezo. Mwenyewe alieleza kwamba sifuri hiyo si idadi ya barua zilizobaki; ni kiasi cha akili yako kinachobaki ndani ya kikasha baada ya kukifunga. Tofauti ni kubwa. Mtu anaweza kufuta na kusogeza mpaka kioo kikawa cheupe, na zile barua tatu ngumu, ya mdai, ya mkaguzi na ya yule mteja mkali, bado hajazijibu. Nazo ndizo zinazomnyima usingizi. Mwingine ana barua elfu nne na analala vizuri, kwa sababu kila aliyoisoma aliiamulia: ameijibu kwa sentensi mbili, ameipangia siku, amempa anayehusika, au ameona haimhusu. Ikishaamuliwa, ikae au isikae humo ni sawa.

Mafolda nayo hayastahili maneno mengi. Mwaka 2011 watafiti wa IBM, Steve Whittaker na wenzake, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watumiaji 345 na namna wanavyotafuta barua za zamani. Waliotegemea mafolda walichukua muda mrefu kuliko walioandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, na wala hawakufanikiwa zaidi. Muda wa kutengeneza folda ndani ya folda heri uutumie kuandika kichwa cha barua kinachotafutika. Shuleni tulifundishwa "Yah:" na baada yake jambo lenyewe, kwa herufi kubwa. Leo watu wazima wenye shahada wanatuma barua yenye kichwa "Habari". Miezi sita baadaye, nani ataipata ankara iliyofichwa chini ya "Habari"?

Wapo wanaosema barua pepe haina utu, na kwa Mswahili shutuma hiyo ina uzito, maana kuingia kwenye hoja bila salamu ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Basi salimu. "Shikamoo Mzee, natumaini umeamka salama" ni mstari mmoja, na mstari wa pili uwe ombi lako. Tatizo ni pale salamu inapofuatwa na hali ya hewa, pole za safari na aya nzima ya utangulizi, hata msomaji akafika mwisho hajui anatakiwa atie saini au alipe. Adabu ni pamoja na kutompotezea mwenzako asubuhi.

Nakubaliana na walalamikaji katika moja: mizaha haisafiri. Justin Kruger na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba waandishi wa barua pepe huamini kejeli yao itatambulika, kumbe wasomaji hupatia kwa kiwango kinachokaribia kubahatisha. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi, mtamu ana kwa ana, ukiandikwa na kunakiliwa kwa watu kumi na wawili huishia kwa afisa utumishi. Karipio ni vivyo hivyo. Nyanyua simu, au tembea mpaka mezani kwake.

"Barua pepe imekufa, siku hizi ni WhatsApp." Muuza vitenge wa Kariakoo anayesema hivyo ana haki: wateja wake wako huko, picha ya mzigo inafika huko, na bando linatosha. Lakini anayeajiri, anayeajiriwa au anayesaini mikataba hawezi kusema hivyo. Tanzania, kujisajili Ajira Portal, tovuti ya kuombea ajira serikalini, kunahitaji anwani ya barua pepe. Tangu Ray Tomlinson alipotuma ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET mwaka 1971, na kuichagua alama ya @, mfumo huu haujapata mmiliki mmoja. Mwenye Gmail anamwandikia mwenye Yahoo, na wizara yenye seva yake inawajibu wote. Kwenye kundi la kazi la WhatsApp, uamuzi wa bajeti unazama kati ya salamu za Ijumaa, picha za harusi na tangazo la msiba, na mfanyakazi aliyeingia kundini jana hauoni kabisa.

Dai la mwisho hupendwa na mabosi: kwamba haya yote ni suala la nidhamu ya mtu binafsi. Si kweli. Mwenye mkataba wa miezi mitatu hawezi kujiamulia kufungua barua mara tatu ikiwa mkuu wake anauliza saa tano usiku "umeiona?" Wafaransa waliliona hilo; tangu tarehe 1 Januari 2017 sheria yao inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa nje ya saa za kazi. Kenya, Seneta Samson Cherarkey alipeleka muswada wa aina hiyo mwaka 2022, na waajiri wakaupinga. Bosi asiyependa kungoja Bunge ana njia ya bure. Programu nyingi za barua pepe zina sehemu ya kupanga wakati wa kutuma. Aandike saa nne usiku akipenda, na barua iondoke saa mbili asubuhi.